Ukubwa wa Soko si Ukubwa wa Mezani

Kila Kenya na Uganda zinapokorofishana, iwe kuhusu maziwa, mayai, mahindi au mafuta, swali lile lile huulizwa Nairobi kwa sauti ya mtu ambaye tayari anajua jibu: Waganda watakwenda wapi? Bandari ni yetu, bomba la mafuta ni letu, barabara ya kutoka Mombasa hadi Malaba ni yetu, na uchumi wetu ndio mkubwa kuliko wa mwanachama mwingine yeyote wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja humalizikia hapo. Tukaze kidogo, watalegea. Na afisa anayeuliza kukaza huko kutagharimu nini huonekana mwoga, au pengine mtu aliyekwisha kununuliwa. Mtazamo huu una wafuasi bungeni, magazetini na katika wizara zaidi ya moja, na nadhani ndio unaotuponza. Ukubwa wa soko haumpi mtu nguvu mezani. Nguvu humjia anayejua hasara yake mwenyewe kabla hajahesabu ya mwenzake, aliye na muda kuliko mwenzake, na aliyekwisha kuchungulia kama mwenzake ana mlango mwingine wa kutokea. Ushahidi wa karibu uko Busia na Malaba, ambako kila amri ya Nairobi au Kampala hupimwa kwa urefu wa foleni ya malori. Ushahidi wa mbali uko Uingereza, taifa la wanadiplomasia wa kusifika, lililoujaribu mtazamo huu huu mbele ya dunia nzima na kumpoteza njiani mtu aliyeujua mchezo kuliko karibu wote.

Mtu huyo ni Sir Ivan Rogers. Kuanzia mwaka 2013 alikuwa mwakilishi wa kudumu wa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, mjini Brussels. Kabla ya hapo alimshauri Waziri Mkuu David Cameron kuhusu Ulaya, na zamani zaidi alifanya kazi katika ofisi ya Tony Blair. Waingereza walipiga kura ya kujitoa tarehe 23 Juni 2016, kwa asilimia 51.9. Miezi michache baadaye Rogers aliwaeleza wakubwa wake, kwa siri, kwamba serikali za Ulaya zilitarajia mkataba mpya wa biashara uchukue pengine miaka kumi, na kwamba hata ukikamilika ungeweza kuangushwa na bunge la nchi yoyote mwanachama. Desemba habari hiyo ilivuja na kutangazwa na BBC. Wakereketwa wa kujitoa wakamwandama, na tarehe 3 Januari 2017 akajiuzulu, miezi kumi hivi kabla ya muda wake kwisha. Katika barua ya kuwaaga wafanyakazi wake aliwasihi waendelee kuzipinga hoja zisizo na msingi na wasiogope kuwaambia wenye madaraka mambo wasiyopenda kuyasikia. Alikumbusha pia kwamba ujuzi wa kujadiliana na mataifa mengi kwa pamoja ulikuwa haba katika wizara za London, ilhali upande wa pili ulikuwa nao tele. Nigel Farage, mpiga debe wa kujitoa, alifurahia kuondoka kwake. Kesho yake Tim Barrow akateuliwa kushika nafasi hiyo.

Tafsiri iliyotawala wakati ule, na ambayo bado ina watetezi, ilikuwa kwamba serikali imepata nafuu. Balozi asiyeamini ushindi, ilidaiwa, hawezi kuuleta. Hofu yake inawanong'oneza wapinzani kwamba nyumbani kuna shaka. Nyuma ya tafsiri hiyo lilikuwako swali letu la Kiswahili kabisa, ila limevaa koti: Wazungu wenzetu watakwenda wapi? Wajerumani wanatuuzia magari, Wafaransa mvinyo na jibini, Waitaliano mvinyo pia. Wenye viwanda wao watawashinikiza wanasiasa wao hadi tupewe tunachotaka. Waziri Liam Fox alithubutu kusema, katikati ya 2017, kwamba mkataba na Ulaya ungestahili kuwa miongoni mwa mikataba rahisi kuliko yote katika historia ya binadamu. Katika hali kama hiyo, anayesema "miaka kumi" anasikika kama msaliti. Lakini tazama alichokuwa akikifanya hasa. Hakuwa amesema Uingereza isijitoe. Uamuzi huo ulikwisha kufanywa na wapiga kura, naye alikuwa mtumishi wa umma. Alikuwa akitaja bei. Na upande wa pili haukuhitaji siri ya Rogers ili kuijua bei hiyo, kwa sababu ni wao waliokuwa wakiipanga. Waliofichwa ni Waingereza wenyewe.

Siri kubwa kuliko zote haikuwa siri: ilikuwa imeandikwa katika Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Nchi ikishatoa notisi ya kujitoa, ina miaka miwili. Ikifika siku hiyo bila makubaliano, iko nje mikono mitupu, isipokuwa wanachama wengine wote wakubali kuongeza muda. (Aliyehusika sana kuiandika ibara hiyo, kwa kejeli ya historia, alikuwa mwanadiplomasia wa Uingereza, John Kerr.) Saa hiyo haianzi kugonga mpaka anayeondoka aiwashe mwenyewe. Rogers amesimulia baadaye jinsi alivyoshauri isiwashwe kabla ya kuelewana na wenzao kuhusu mpangilio wa mazungumzo, maana kabla ya notisi muda ni wa anayeondoka, na baada ya notisi muda ni wa wanaobaki. Waziri Mkuu Theresa May aliiwasha tarehe 29 Machi 2017. Wiki chache baadaye akaitisha uchaguzi, akapoteza wingi wa viti bungeni. Baraza lake la mawaziri halikukaa kukubaliana lilitaka nini hasa mpaka Julai 2018, na liliposhakubaliana, waziri aliyehusika na kujitoa, David Davis, akajiuzulu. Tarehe ya mwisho ikasogezwa mara tatu, kila mara kwa ridhaa ya upande uliosemekana ungepiga magoti.

Sisemi Uingereza imeangamia. Haikuangamia, na wanaodai hivyo wanatia chumvi. Ofisi yake huru inayokagua makadirio ya bajeti ya serikali inakadiria kwamba, kwa muda mrefu, tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko ambavyo ingekuwa kama ingebaki. Ni hasara ya kimyakimya, kama ya duka linalopoteza mteja mmojammoja. Ukweli mchungu zaidi uko kwenye forodha. Baada ya kipindi cha mpito kuisha mwishoni mwa 2020, bidhaa za Uingereza zilianza kukaguliwa zikiingia Ulaya tangu siku ya kwanza, lakini ukaguzi wa Uingereza kwa vyakula na mimea kutoka Ulaya uliahirishwa mara kadhaa hadi mwaka 2024, kwa kuwa maofisa, majengo na mifumo havikuwa tayari. Ireland Kaskazini ilibakishwa ndani ya kanuni nyingi za soko la Ulaya ili lori lisisimamishwe kwenye mpaka wa nchi kavu, na mzozo juu ya mpango huo ukaendelea hadi makubaliano ya Windsor ya Februari 2023. Hayo yote ni mambo ya stakabadhi, mihuri, sampuli na maabara. Ndiyo yaliyokuwa lugha ya Rogers, na ndiyo yaliyodhaniwa kuwa madogo.

Hakuna mahali Afrika Mashariki panapoelewa udogo huo kuliko Malaba na Busia. Miji hii miwili ya Kaunti ya Busia ndiyo midomo ya Ukanda wa Kaskazini: karibu kila kitu kinachotoka Mombasa kwenda Uganda kwa barabara, na kingi kinachoendelea Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, hupita katika mmoja wapo. Zamani lori lilisimama upande wa Kenya, likamaliza, likaingia Uganda, likasimama tena kuanza upya, na dereva alihesabu safari kwa siku alizolala mpakani. Umoja wa Forodha ulioanza Januari 2005 ulishusha ushuru, lakini haukuiondoa foleni. Kilichoipunguza ni kazi ya kuchosha ya wataalamu: eneo moja la forodha lililoanza 2014, ambapo kodi hukadiriwa na kulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini, sheria za mwaka 2016 za vituo vya pamoja, na majengo mapya ambamo maofisa wa mamlaka za mapato za Kenya (KRA) na Uganda (URA) hukaa chini ya paa moja, hivi kwamba gari hukaguliwa mara moja tu, katika nchi linakoingia. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Sehemu ya fedha zake ilitoka serikali ya Uingereza, kupitia shirika la TradeMark East Africa. Walipa kodi wa Uingereza, kwa maneno mengine, waligharamia kuondoa vizuizi Busia wakati viongozi wao wakiapa kwamba kuvijenga katika bandari yao ya Dover kusingekuwa na gharama.

Wenye mtazamo ninaoupinga wana mfano mmoja mzito, na sitaukwepa. Februari 1976 Rais Idi Amin wa Uganda alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, akitegemea ukweli kwamba hadi 1902, kabla Waingereza hawajausogeza mpaka, ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia shehena ya Uganda. Julai, baada ya uvamizi wa Waisraeli Entebbe na vitisho vya Amin vilivyofuata, Kenya ikadai malipo kwa shilingi ya Kenya, na mafuta yakakauka upande wa pili wa Malaba. Agosti mwaka huohuo Uganda ikatia saini maelewano Nairobi. Kwa hiyo kukaza kulifaulu? Kulifaulu, na inafaa kuuliza kwa nini. Amin alikuwa amegombana na Tanzania, amewafukuza wafanyabiashara wake wa Kiasia miaka minne nyuma, hana fedha za kigeni, na hana njia nyingine ya mafuta. Alikuwa mtu asiye na mlango wa pili. Tena Kenya ilikuwa na lengo dogo linalojulikana: afute dai la ardhi, alipe madeni. Ukubwa wa Kenya haukuwa umeongezeka kati ya Februari na Agosti. Upungufu wa Amin ndio uliokuwa umedhihirika.

Aliyejifunza kutokana na 1976 kwamba mwenye bandari hashindwi, alipata jibu mwaka uliofuata. Mapema 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisambaratika kwa ugomvi wa madeni, Kenya ikaanzisha lake, na Tanzania ikaufunga mpaka wake mwezi Februari. Kufikia katikati ya mwaka, Jumuiya iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa 1967 ilikuwa imekufa. Kuna Wakenya hadi leo wanaosimulia kifo hicho kama ushindi, kwa kuwa mali nyingi ilikuwa Nairobi na ndege nyingi zilikutwa hapo. Hebu tuuhesabu ushindi wenyewe. Mpaka wa Tanzania haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na kwa miaka hiyo yote viwanda vya Kenya vilikosa soko la jirani na njia ya kwenda Zambia. Kugawana mali na madeni kulimtaka msuluhishi, Mswisi Victor Umbricht, na mkataba haukutiwa saini hadi Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba ya kugawana mabehewa na majengo! Baadaye ikabidi nchi zile zile ziandike mkataba mpya, Novemba 1999, na kusubiri hadi 2010 ili ziwe na soko la pamoja. Rogers alipotaja miaka kumi alichekwa London. Mtu aliyefuatilia historia ya Jumuiya asingecheka. Angeona ni makadirio ya mtu mwenye matumaini.

Na Uganda ya leo siyo ya Amin. Agosti 2015 marais wa nchi hizi mbili walikubaliana kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima lipitie Kenya. Nairobi ililichukulia jambo hilo kuwa limekwisha. Aprili 2016 Kampala ikatangaza kwamba bomba litakwenda Tanga, kilomita 1,443, kwa sababu Tanzania ilikuja na gharama nafuu na ardhi isiyo na migogoro mingi. Somo halikushika. Mwaka 2023 Kenya iliingia mkataba wa serikali kwa serikali na makampuni ya mafuta ya Ghuba, ili kupunguza presha ya dola, bila kuipa uzito Uganda ambayo zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yake hupita kwetu. Kampala ikalalamika kwamba madalali wameongeza bei. Ikabadili sheria yake ili shirika la taifa, UNOC, liagize lenyewe kupitia kampuni ya Vitol. Kenya ikakataa kuipa UNOC leseni, na swali letu likaulizwa tena: watakwenda wapi? Walikwenda Dar es Salaam kuzungumza, na mwishoni mwa Desemba 2023 wakaenda Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kuishtaki Kenya. Machi 2024 leseni ikatolewa. Julai meli ya kwanza ya UNOC ikaleta mafuta Mombasa. Kenya haikupoteza biashara ya usafirishaji, na hilo ni jema. Lakini ilichokataa kukitoa mezani kwa hiari ilikitoa baada ya kushtakiwa, na madereva wa matangi wa Malaba hawakuhitaji kuelezwa nani alikuwa amelegea.

Hapa huja pingamizi lenye haki zaidi: je, nchi isiwalinde watu wake? Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania, ikisema yana sumukuvu ya aflatoksini kupita kiasi. Sumukuvu si kisingizio. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na hayo yalikuwa mahindi ya humuhumu nchini. Serikali ikipuuza jambo kama hilo itakuwa imetenda jinai. Lakini Jumuiya ilikuwa tayari na kiwango chake: sehemu 10 kwa bilioni, kinachoweza kupimwa kwenye gari. Badala ya kupima, tuliandika barua. Ilitoka ghafla, malori yakiwa tayari barabarani, na ndani ya siku chache ikaondolewa, mahali pake pakawekwa masharti ambayo yangewekwa tangu mwanzo: waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti cha ubora, chanzo cha mahindi kijulikane. Yaani tulifika palepale ambapo afisa wa viwango wa Busia angetufikisha kama angeulizwa wiki moja kabla. Katikati ya hapo tulikuwa tumewakasirisha majirani wawili na kuwatisha wasagishaji wetu wenyewe, ambao kila mwaka mvua zikikosa hutazama magharibi. Machi 2023 ilikuwa zamu ya maziwa ya unga. Kinga ya afya inayotangazwa bila maabara wala notisi, kisha ikarekebishwa kwa simu za mawaziri, humfundisha jirani kwamba neno la Kenya ni la kusubiriwa lipite.

Wala simtwishi Mkenya peke yake mzigo huu. Januari 2022 ni Kampala iliyokaza, ilipoamuru kila dereva apimwe korona mpakani na kulipia dola 30, hata mwenye cheti cha chanjo. Madereva wakagoma. Foleni ikatoka Malaba kuelekea Bungoma kwa makumi ya kilomita, na ndani ya siku chache vituo vya mafuta vya Kampala vikawa vitupu na bei ya lita kupanda maradufu mahali pengi. Amri ikalegezwa. Aliyeitoa hakuwa amekaa kuhesabu kwamba matangi yaliyosimama yalikuwa yake. Mtu akisoma tukio hili haraka atalitumia kunipinga: unaona, Uganda haiwezi bila sisi! Kweli, kwa wiki mbili haiwezi. Kwa miaka mitano inaweza, na kila wiki mbili za namna hiyo ndizo zinazoipa sababu ya kutumia hiyo miaka mitano kutafuta pa kupitia. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilipong'oa reli na kukausha mafuta hadi Kigali, ndizo zilizowafanya wenye mizigo wa Kampala waanze kuiangalia njia ya kusini kwa makini. Mteja wa aina hii hukutesa akikaa, kisha anakutesa zaidi akiondoka: Uganda peke yake ilinunua bidhaa zetu za zaidi ya shilingi bilioni 100 mwaka 2023, hakuna nchi nyingine Afrika iliyofanya hivyo, na zaidi ya nusu ya shehena ya nchi jirani inayopita Mombasa ni yake.

Mwanauchumi makini anaweza kunibana kwa namna nyingine. Ulaya, atasema, iliishinda Uingereza kwa sababu ilikuwa kubwa zaidi. Basi sheria ya ukubwa inasimama, nasi kwa Uganda ni Ulaya, si Uingereza. Lakini chunguza Ulaya ilishindaje. Kabla ya mazungumzo, serikali 27 zilikubaliana kwa maandishi nini kianze na nini kifuate: kwanza haki za raia, deni na mpaka wa Ireland, ndipo biashara. Mjumbe wao mkuu wa mazungumzo, Michel Barnier, alitembelea miji mikuu yao moja baada ya nyingine ili asije akajikuta mbele ya Waingereza bila wenzake nyuma. Ireland, nchi ndogo mno ikilinganishwa na Uingereza, ndiyo iliyoamua sura ya mkataba wote, kwa sababu ilijua kijiji kwa kijiji mpaka wake unavyofanya kazi na iliwafundisha wenzake mapema. Kama ukubwa ungekuwa ndio kila kitu, Dublin ingekuwa ya kwanza kutolewa kafara. Kenya haina hata kimoja kati ya vitu hivyo inapobishana na Kampala: wizara ya kilimo husema hili, ya biashara lile, ya mafuta jingine, na kaunti ya Busia husoma habari gazetini kama sisi wengine.

Mwaka ule ule wa kura ya Waingereza tulionja ladha ya kugawanyika mbele ya mkubwa. Nchi za Jumuiya zilikuwa zimepanga kutia saini kwa pamoja, Julai 2016 Nairobi, mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya. Tanzania ikajitoa siku za mwisho, ikitaja miongoni mwa sababu zake msukosuko wa kura ya Uingereza. Uganda ikasema haiwezi kwenda bila wote. Kenya, ambayo peke yake wakati huo haikuwa katika kundi la nchi maskini kabisa zinazoingia Ulaya bila ushuru, ilikumbuka miezi mitatu ya mwisho ya 2014, maua yake yalipotozwa ushuru kwa kuchelewa kwa mkataba huo huo. Ikatia saini Septemba pamoja na Rwanda. Ikaishia kutafuta mkataba wake pekee na London, uliosainiwa tarehe 8 Desemba 2020, wiki tatu kabla Uingereza haijatoka kwenye kipindi cha mpito, kila upande ukiangalia saa. Ule na Ulaya ulikuja Desemba 2023. Sitasema ni mikataba mibaya. Maua ya Naivasha hayawezi kungoja. Nasema kwamba aliyewahi kubanwa na saa ya mwingine hapaswi kushangaa jirani anapokataa kubanwa na yake.

Linabaki lalamiko kwamba nawapa watumishi wa umma madaraka ya waliochaguliwa. Hapana. Waziri aamue, ni kazi yake na ndiye atakayeulizwa na wapiga kura. Lakini aamue akiwa ameiona hesabu, na mwenye hesabu asifukuzwe kwa kuileta. Hesabu hiyo ina watu ndani yake ambao hawamo katika takwimu za Mombasa. Mama anayevuka Busia na magunia mawili ya maharagwe, kwa cheti chepesi kinachotolewa papo hapo kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ndiye wa kwanza kufungiwa mlango, naye hana wakili wa kumpeleka Arusha. Anayenufaika mpaka ukifungwa ni mwenye njia ya panya. Wakati Amin alipoibana biashara ya kahawa, magendo ya Chepkube, kaskazini mwa Malaba, yaliwatajirisha watu wachache kwa miaka miwili mitatu, na hazina za nchi zote mbili hazikuona kitu. Watu wa huku wamekuwa na jamaa upande wa pili tangu kabla ya mpaka: Waiteso wako Amagoro na wako Tororo, Wasamia wako pande zote. Desemba 1987 majeshi yaliporushiana risasi Busia na mpaka kufungwa, familia moja ilijikuta katika nchi mbili zenye uhasama. Gharama kama hizo huandikwa wapi?

Jaribio linalokuja tayari lina tarehe na zege. Reli ya kisasa ya Kenya ilifika Naivasha mwaka 2019, ikakomea hapo kwa miaka. Uganda, baada ya kusubiri na kuvunja mkataba wake wa kwanza na Wachina mwaka 2023, ilitia saini Oktoba 2024 na kampuni ya Kituruki Yapi Merkezi ya kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Upande wa kusini, treni za Tanzania zilianza kupakia abiria wa Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na njia hiyo imepangwa kufika Mwanza, ufukweni mwa ziwa lile lile lenye bandari za Uganda. Siku itakapofika ya kujadili nauli ya mizigo, nani atunze mabehewa Malaba, na shehena ikaguliwe wapi, watakuwako Nairobi watu wa kusema kwamba Waganda hawana pa kwenda. Wizara ingefanya vyema kumkalisha mezani, na kumpa ruhusa ya kuandika kila neno, afisa wa forodha aliyefanya kazi Malaba Januari 2022, kisha imwombe aweke mbele ya mawaziri karatasi moja: kila wiki ya mvutano itatugharimu kiasi gani sisi, na mizigo mingapi itakuwa imehamia Mwanza kabla hatujamaliza.